Kengele Namba Saba

Sisi mafundi wa kompyuta wa zamani tulitangulia kusikiliza. Unabonyeza swichi, unatega sikio. Kwenye mashine nyingi mlio mmoja mfupi ulikuwa salamu ya uzima. Ikilia mfululizo na kioo kiko giza, unachomoa RAM, unasafisha meno yake, unairudisha.

Mlio huo una ukoo wa mbali. Mashine za teleksi zilikuwa na kengele, na opereta wa mji mmoja aliweza kuigonga ya mji mwingine ili kumshtua mwenzake. Mwaka 1963, Wamarekani walipopanga ASCII, jedwali la kuzipa herufi na ishara namba za kompyuta, kengele ilipewa namba 7. Mashine ya Teletype Model 33 ikipokea namba hiyo, iligonga chuma kwelikweli.

Agosti 1981 IBM ilitoa PC yake, na ndani yake chuma kikawa spika ndogo inayoendeshwa na chipu ya saa, Intel 8253. Chipu hiyo hupokea mapigo 1,193,182 kwa sekunde. Ukiiambia iyagawe kwa 2712, spika hutetemeka mara 440 kwa sekunde, noti ileile ambayo wanamuziki hulinganishia vyombo vyao. Kitufe cha kupunguza sauti hakikuwepo, jambo ambalo majirani wa ofisi hawakulipenda.

Hesabu hiyo haikumlazimu mtu kuijua. Katika lugha ya BASIC uliandika SOUND 440, 18 ukapata mlio wa karibu sekunde moja. Mvivu aliandika BEEP tu. Kwenye faili la amri za DOS uliweka echo ikifuatwa na Ctrl-G, ambayo ni namba 7 ileile. Linux nayo inataka printf '\a'. Mimi niliuweka mstari huo mwishoni mwa kila kazi ndefu ya kunakili mafaili, nikatoka kunywa chai, ikilia, narudi.

Windows 7 ya mwaka 2009 iliuhamishia mlio wa programu kwenye kadi ya sauti. Mwaka 2018 programu ndogo ya Linux iitwayo beep, isiyo na kazi nyingine ila kulia, ilikutwa na tundu la kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka yote ya mashine. Nilicheka, kisha nikaenda kusasisha seva.

Siku hizi bodi kuu nyingi huuzwa bila spika, ila pini zake bado zipo. Kijana unayeanza ufundi, nunua spika moja uiweke mkobani: kioo kikigoma kuwaka, ichomeke hapo kwanza kabla hujabadilisha chochote.