Nani Asubiri Daraja Likitengenezwa? Kisa cha Mto wa Chicago



Wengi wenu mnaoishi Chicago, au mliowahi kupita huko, mmeshasimama pale kwenye daraja la Michigan Avenue siku ya kufunguliwa. Kengele hulia, vizuizi huteremshwa, na barabara yote ikainuka mbele ya macho yenu kama mlango wa ghala. Mtu ana miadi yake ya saa nne, naye amezuiwa na mashua chache za matanga zinazotaka kwenda ziwani. Hapo kila mmoja huguna kwa lugha yake. Mimi huguna kwa Kimvita.

Lakini nikishamaliza kuguna hujirudi, kwa sababu kazi yangu ni madaraja. Nilikuja nchi hii mwanzoni mwa miaka ya 1990 kusomea uhandisi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imekuwa ni matengenezo: kutu, misumari, rangi, mota na mafuta ya gia. Daraja la kufunguka linapotengenezwa, mara nyingi hatuna budi kulizuia lisifunguke kwa siku kadhaa, au kwa saa fulani tu. Hapo huzuka swali ambalo halimo katika vitabu vya hesabu: nani asubiri? Aliye juu ya daraja au aliye majini? Swali hili lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika mto mdogo wa Chicago.

Daraja la kwanza la kufunguka katika mto huo lilijengwa mtaa wa Dearborn mwaka 1834. Lilikuwa la mbao, likiinuliwa kwa minyororo. Mabaharia hawakulipenda kwa kuwa liliwaziba njia. Wenye maduka wa upande wa kusini nao hawakulipenda, kwa kuwa liliwavusha wakulima na ngano zao hadi kwa wanunuzi wa upande wa kaskazini. Mwaka 1839 halmashauri ya mji ikaamua livunjwe. Watu wa kusini hawakungoja mafundi. Walikuja na mashoka wakalibomoa kabla hakujapambazuka, wakichelea madiwani wasije wakageuza kauli. Mwaka uliofuata likawekwa daraja la kuelea mtaa wa Clark. Sisi wa Mombasa daraja la namna hiyo si geni kwetu. Wazee wetu walivuka kwenda Nyali kwa daraja la kuelea miaka mingi, mpaka lilipojengwa hili la zege mwaka 1980.

Baadaye yakaja madaraja ya kuzunguka, yaliyosimama juu ya nguzo katikati ya mto na kugeuzwa kama mkono wa saa. Nayo yalikuwa na balaa zake. Tarehe 3 Novemba 1863, daraja la Rush Street lilizungushwa ili kuipisha tagi, na huku kundi la ng'ombe liko juu yake. Ng'ombe wakaingiwa na kiwewe, wakajazana upande mmoja, na daraja likakatika likaanguka mtoni pamoja nao.

Mji ukakua upesi mno. Mbao za kujengea, nafaka na mawe ya chuma vyote viliingia kwa maji, na kila chombo chenye mlingoti kilidai njia. Wakati huohuo maelfu ya watu walihitaji kuvuka mto kila asubuhi kwenda viwandani na maofisini. Vyombo vikipita kimoja baada ya kingine, daraja hukaa wazi muda mrefu, na mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa kuchelewa husimama ukingoni akitazama milingoti. Mwishowe mji ukatoa amri. Madaraja yasifunguliwe saa 12 hadi saa 1 asubuhi, wala saa 11:30 hadi saa 12:30 jioni, isipokuwa Jumapili. Kati ya saa hizo, mchana, daraja lisikae wazi zaidi ya dakika 10 kwa mara moja. Likishafungwa, lipewe dakika 10 za kupitisha watu na magari kama wapo wanaongoja.

Kampuni moja ya meli, Escanaba, haikuridhika. Meli zake za mvuke zilileta mawe ya chuma kutoka bandari ya Escanaba huko Michigan hadi magati ya tawi la kusini la mto, na njiani zilipaswa kupita madaraja mengi. Kila kusimama kulikuwa hasara. Kampuni ikashtaki, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ilitaja sheria ya mwaka 1787 iliyoanzisha maeneo ya kaskazini magharibi, ambayo ilisema mito inayoelekea Mississippi na St. Lawrence itakuwa njia ya wote, huru daima. Vipi basi mji uje na saa yake useme mto umefungwa?

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikatoka mwaka 1883. Aliyeiandika ni Jaji Stephen Field. Alisema kwamba mto kweli ni njia ya biashara, lakini daraja nalo ni njia ya biashara. Anayevuka kwa miguu ana haki kama anayepita kwa meli. Saa zilizowekwa na mji ni chache, sababu zake zinaeleweka, na kila upande hauna budi kulegeza kidogo ili shughuli zote ziende. Ama ile sheria ya 1787, Illinois ilipokwisha kuwa jimbo ilipata mamlaka sawa na majimbo mengine juu ya mito yake, madhali Bunge la Marekani halijaingilia. Kampuni ikashindwa.

Nimeisoma hukumu ile mara nyingi kuliko inavyompasa mhandisi. Kinachonivutia ni kwamba jaji hakusema nani mkubwa. Alitazama saa. Aliuliza ni nani anavuka saa ile, kwa nini, na kuzuiwa huko ni kwa muda gani. Lau mji ungefunga madaraja mchana kutwa, nadhani hukumu ingekuwa nyingine.

Na Bunge halikukaa kimya. Mwaka 1894 lilipitisha sheria kwamba mwenye daraja la kufunguka, awe mji, kampuni ya reli au mtu binafsi, ni wajibu wake kulifungua kwa ajili ya vyombo kwa kufuata kanuni za Waziri wa Vita, na anayechelewesha bila sababu ataadhibiwa. Tangu hapo mto ukawa na mlinzi mmoja wa nchi nzima. Mwaka 1967 kazi hiyo ilihamishiwa kwa Walinzi wa Pwani, nao ndio wanaoishika mpaka leo. Kwa hiyo mji hauwezi kujiamulia tu kwamba wiki hii daraja letu halifunguki. Lazima uombe, ueleze kazi yenyewe, siku zake na saa zake. Ruhusa ya muda kwa ajili ya matengenezo haizidi siku 180, na tangazo hutolewa ili manahodha wajipange.

Mtu atauliza: kwani kutengeneza daraja ni lazima lisifunguke? Jibu limo katika mizani. Mwaka 1902 Chicago ilifungua daraja la mtaa wa Cortland, la kwanza la aina ambayo sasa imeenea mji mzima. Mabawa yake huinuka juu yakizunguka kwenye ekseli kubwa, na nyuma ya kila bawa, chini ya barabara, kuna jiwe la mizani lenye uzito wa kulingana nalo. Kama mizani imekaa sawa, mota ndogo tu inatosha kuinua maelfu ya tani. Fikiria pembea ya watoto: wawili wenye uzito sawa, mmoja akisukuma chini kwa kidole cha mguu, wote wanaondoka. Sasa mshushe mmoja ghafla. Ukibandua lami na vyuma vya barabara juu ya bawa, ndivyo ulivyofanya. Jiwe la nyuma limekuwa zito kuliko bawa, na daraja linataka kujifungua lenyewe.

Hili si jambo la kukisia. Tarehe 20 Septemba 1992 daraja lilelile la Michigan Avenue, lililofunguliwa mwaka 1920, lilikuwa katika ukarabati. Bawa moja lililokuwa limepunguziwa uzito likafyatuka juu ghafla, winchi iliyokuwa pale ikaanguka, na watu kadhaa wakaumia. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na mwalimu wetu alileta picha za gazeti darasani akazibandika ubaoni bila kusema neno. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, maji ya mto yalikuwa yameingia chini ya mji na kufurika vyumba vya chini vya majengo, kwa sababu nguzo mpya zilizopigiliwa mtoni karibu na daraja la Kinzie Street zilikuwa zimepasua handaki la zamani la mizigo. Kazi ya daraja haijui mzaha. Tukisema daraja lifungwe na kufuli zake zikazwe mpaka mizani irudi, tunasema kwa kuogopa roho za watu.

Basi mafundi wana njia zao za kupunguza adha. Kazi nzito hufanywa majira ya baridi, wakati mashua za matanga zimeshapandishwa nchi kavu na mto una barafu. Au hutengenezwa bawa moja na la pili likaachwa lifanye kazi, ili chombo chembamba kipite nusu ya njia. Au chombo kinatakiwa kutoa taarifa saa kadhaa kabla, ili mafundi waondoe vifaa vyao. Hata nje ya siku za ukarabati, mashua za Chicago siku hizi hupita kwa misafara, siku maalumu za majira ya kuchipua na ya vuli, badala ya kila moja kupiga honi kwa wakati wake. Mpango huo nao haukuja kwa amani. Katika miaka ya 1990 wenye mashua na mji walishavutana mpaka mahakamani.

Niwape sasa kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa mhandisi kijana niliandika ombi la kufunga daraja moja dogo, mbali na Chicago, kwa wiki sita. Nilihesabu kila kitu. Magari mangapi hupita, basi za shule ngapi, gari la wagonjwa litazunguka wapi. Upande wa maji niliandika sentensi moja: vyombo ni vichache. Ruhusa ikatoka, tukaanza. Siku ya tatu akaja mzee mmoja kwenye kibanda chetu, kofia mkononi. Alikuwa na tagi moja na tishari moja, akibeba mchanga. Alikuwa juu ya daraja, na machimbo yake yalikuwa chini. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama mimi ndiye niliyeandika kwamba vyombo ni vichache. Nikasema ndiye. Akasema, "Ni kweli. Ni mimi."

Hatukuweza kulifungua daraja wiki ile, kwa sababu mizani ilikuwa imeshaharibika kwa makusudi yetu. Lakini tulikaa naye mezani, tukapanga upya kazi, tukampatia alfajiri mbili kila wiki baada ya mabamba kurudishwa. Zilituongezea gharama na siku tano. Wakubwa wangu hawakufurahi. Tangu hapo sijaandika neno "vichache" bila kwanza kwenda gatini kuuliza ni kina nani.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati wa korona, Mombasa ilipata daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni, ili watu wa Likoni wasibanane kivukoni. Katikati yake palikuwa na kipande cha kufunguka, kwa kuwa mlango ule ndio njia ya meli za Kilindini. Daraja likaunganishwa saa za asubuhi na za jioni, watu wakienda na wakirudi kazini. Saa nyingine njia ilikuwa ya meli. Nilipoona picha zile nilicheka peke yangu. Ilikuwa ni amri ya Chicago iliyofika mahakamani miaka ya 1880, saa zilezile karibu, imevuka bahari mbili bila mtu kuitafsiri. Daraja lile halikudumu miaka mingi, na watu wa Likoni wamerudi kuitegemea feri. Atakayejenga jingine, liwe la kuelea au la juu kabisa, atakutana na swali lilelile, na kuna siku litahitaji kutengenezwa.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni wa nchi za watu tumejifunza mengi ya kuwapelekea wenyeji wetu. Mimi ningependa kupeleka hili dogo: kufunga njia ya mtu kunaweza kuwa halali, na mara nyingine ni lazima, ilimradi ajue mapema, aambiwe sababu, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye karatasi ileile iliyotangaza kufungwa. Ukiona tangazo halina tarehe ya mwisho, nenda kaulize.

Basi safari nyingine daraja likiinuka mbele yenu, gunani kidogo, ni haki yenu. Kisha tazameni chini, mwone nani anapita.