JE, KIJANA WA KIWANDANI NI HURU?



Ndugu zangu, wiki hii alinipigia simu kijana wetu mmoja aliyetoka hapa Mishamo kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Yuko kiwandani, zamu ya saa 12, na mshahara wa mwezi uliopita hajapewa. Akaniuliza: "Sheikh, babu hakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali. Mimi nina kitambulisho cha taifa, lakini nikiacha kazi leo, jasho langu limepotea. Kweli mimi ni huru?"

Tusimjibu haraka. Tutazame kwanza tulikotoka.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Lakini aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba, na akishaupata aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mashamba ya karafuu yalibaki kwa wenyewe. Basi wengi wakabaki kwa bwana yule yule, wakilipia mahali pa kuishi kwa siku za kazi.

Huku bara, Waingereza waliufuta utumwa mwaka 1922. Lakini kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha zilikuwa kwenye mkonge. Wanaume wa Kigoma na wa Ruanda-Urundi wakaenda mashambani Tanga. Wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Kisipojaa, hakuna malipo. Hakuna aliyefungwa mnyororo. Kilichomshika ni ujira wake uliokuwa mkononi mwa mwingine.

Na sisi je? Wazee wetu walikimbia Burundi mwaka 1972, na makazi haya ya Mishamo yakaanzishwa mwaka 1978. Walipewa ardhi, wakalima, wakashiba. Lakini kutoka nje kulihitaji kibali. Vyeti vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014. Alhamdulillah, ni neema kubwa.

Mnaona? Karatasi ya uhuru hufungua fundo moja. Fundo jingine mtu hufungwa kwa ardhi, kwa kodi, au kwa mshahara.

Sasa tusikilize dini. Katika Sahih Bukhari, Mtume (s.a.w.) anatufikishia kuwa Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama: aliyeahidi kwa jina Lake kisha akavunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akachukua kazi yake yote asimpe ujira. Tazameni mla ujira amewekwa karibu na nani!

Kijana wangu, wewe ni huru. Usijiite mtumwa, maana mtumwa aliuzwa yeye na mwanawe. Lakini anayezuia mshahara wako ili usiondoke, amekurudishia kipande. Itumie sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake ni mara moja na nusu. Dai kwa adabu, pamoja na wenzako. Ukikataliwa nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala usichelewe, kwa sababu muda wa kulalamika ni siku 60. Kudai haki yako si utovu wa shukrani.

Na wewe ndugu yangu unayelima tumbaku hapa hapa Mishamo, kabla hujamlaani mwenye kiwanda wa Dar, jiulize: kibarua aliyekuchumia majani msimu uliopita umemlipa? Au unamwambia kila siku "subiri soko"? Kama hujamlipa, mpigie simu leo, kabla ya Maghrib.

Mwenyezi Mungu atujaalie tusiwe mahasimu Wake. Aamin.

Wallahu a'lam. Msomee na mwenzako.