Kadi ya Kazi Isife Pamoja na Ajira: Hali ya Wafanyakazi Wageni Bunia

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na pigo hilo likafika hadi Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri nchini Kongo, ambako mashirika ya kibinadamu yameajiri watu wengi wa ndani na wa nje. Mkongomani ambaye kibarua chake kimeota nyasi anabaki nchini mwake akitafuta kingine. Mhasibu kutoka Kenya au fundi wa maji kutoka Uganda hupoteza zaidi ya mshahara, kwa kuwa haki yake ya kuwapo Ituri imefungwa kwa jina la mwajiri.

Msingi wa utaratibu huo ni Ordinansi Na. 74/098 ya 6 Juni 1974 kuhusu ulinzi wa nguvukazi ya taifa, pamoja na Kanuni ya Kazi ya 2002. Mwajiri ndiye anayemwombea mgeni kadi ya kazi, nayo viza ya kazi inayotolewa na Kurugenzi Kuu ya Uhamiaji (DGM) huiegemea kadi hiyo. Mtu akiachishwa kazi, njia zake ni chache: apate haraka mwajiri mwingine atakayeanza maombi upya, abadili hadhi yake ya ukaazi, au aondoke.

Watetezi wa utaratibu huu husema unawalinda vijana wetu wasio na ajira. Nawapinga. Mgeni anayejua kwamba bosi akikasirika naye atafukuzwa nchini hukubali malipo duni na saa nyingi bila kulalamika, na mfanyakazi wa namna hiyo ndiye anayemshushia Mkongomani bei. Ituri ingepaswa kulijua hili kuliko jimbo lolote. Katika migodi ya Kilo-Moto, chini ya sheria ya kikoloni ya 1922, mfanyakazi Mwafrika aliyevunja mkataba aliadhibiwa kama mhalifu, na uzito wa kosa la kumwacha bwana ulimfanya avumilie mengi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni Kifungu cha 8 cha Mkataba Na. 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1975. Kinasema kwamba mhamiaji aliyekuwa akiishi kihalali kwa ajili ya kazi hahesabiwi kuwa mkaazi haramu kwa sababu tu amepoteza ajira, na kwamba kupoteza huko peke yake hakufuti kibali chake cha ukaazi wala cha kazi. Zaidi ya hayo, anastahili kutendewa sawa na raia katika kupata kazi nyingine na mafunzo mapya. Uganda iliridhia mkataba huo 1978, Kenya 1979. Kongo haijauridhia, na wapinzani wangu wataishia hapo.

Lakini Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Kifungu cha 10 cha Itifaki ya Soko la Pamoja kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi na kukubali ajira katika nchi nyingine, na kutembea humo kwa ajili hiyo. Hakitaji muda wa kutafuta, hilo nalikubali, na kinaruhusu vizuizi vya usalama. Hata hivyo, haki ya kuomba kazi isiyo na siku hata moja ya kuitafuta haina maana. Umoja wa Ulaya, usiosifika kwa ukarimu kwa wahamiaji, kwa Maelekezo yake ya 2024 unaruhusu angalau miezi 3 ya kukosa ajira bila kibali kufutwa.

Kuhusu usalama chini ya hali ya dharura iliyotangazwa Ituri Mei 2021: mgeni mwenye karatasi, anayeripoti DGM kila mwezi, anafahamika zaidi kuliko aliyesukumwa kujificha katika machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu.

Tukumbuke pia kwamba maelfu ya Waituri walivuka Ziwa Albert 2018 kwenda makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Uganda, na sheria ya nchi hiyo ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi. Nasi tulipe wema huo: Wizara ya Kazi iweke miezi 3 ya kutafuta ajira kwa raia wa Jumuiya, na kadi iandikwe kwa jina la mfanyakazi. Waraka wa waziri unatosha kuanzia.