Maikroglia: Historia ya Seli za Ulinzi wa Ubongo

Inflamesheni ni jibu la mwili kwa jeraha au maambukizi. Dalili zake nne, yaani wekundu, joto, uvimbe na maumivu, ziliandikwa na Mroma Celsus katika karne ya 1, na kwa muda mrefu matabibu walizitambua kwa macho na vidole. Katika ubongo dalili hizo hazifikiwi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na tishu yake yenyewe haihisi maumivu. Ndiyo maana elimu ya inflamesheni ya ubongo ilichelewa kukua, na kila hatua yake kubwa ilisubiri njia mpya ya kuzifanya seli zionekane.

Mwaka 1856 mwanapatholojia Mjerumani Rudolf Virchow alieleza kuwa nafasi iliyo kati ya seli za neva imejaa dutu nyingine, akaiita neuroglia. Aliichukulia kuwa kiungo cha kushikilia tu, mfano wa gundi. Mtazamo huo ulidumu kwa sababu hapakuwa na rangi ya kuzitenga seli za dutu hiyo moja moja. Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi aligundua kwamba kipande cha ubongo kilichokolezwa dikromati ya potasiamu, kisha kikatiwa nitrati ya fedha, huonesha seli chache zikiwa nyeusi tangu kiini hadi ncha za matawi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua mbinu hiyo, akaiboresha, na kwayo akathibitisha kwamba kila seli ya neva ni kitu kamili chenye mipaka yake. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Hata hivyo, baadhi ya seli ndogo zilizokuwa kando ya neva zilionekana viini tu. Matawi yake hayakushika rangi.

Ushahidi kwamba seli hizo zinahusika na maradhi ulitoka katika hospitali za wagonjwa wa akili za Ujerumani. Mwaka 1899 Franz Nissl alieleza seli nyembamba zenye umbo la kijiti, ambazo alizikuta katika ubongo wa watu waliokufa kwa kaswende iliyofika kichwani. Alidhani zina uwezo wa kusogea na kula mabaki ya seli zilizokufa. Rafiki yake Alois Alzheimer alipouchunguza ubongo wa mgonjwa wake maarufu, Auguste Deter, na kutangaza matokeo mwaka 1906, alitaja pia mabadiliko ya glia pamoja na mabaki yaliyorundikana kati ya seli. Katika miaka hiyo, huko Scotland, William Ford Robertson alitumia rangi yenye platinamu, akazipa baadhi ya seli hizo jina la mesoglia, lakini picha zake hazikuwa wazi vya kutosha kumaliza mjadala.

Jibu lilipatikana Madrid. Mwaka 1913 Cajal alibuni rangi ya kloridi ya dhahabu iliyozitia weusi astrosaiti, seli za glia zenye umbo la nyota, kwa ufasaha usiokuwa na kifani. Mbinu hiyohiyo iliacha kundi la seli bila rangi. Cajal, akihesabu neva kuwa elementi ya kwanza na astrosaiti kuwa ya pili, akaliita kundi hilo elementi ya tatu, akiamini kuwa ni seli zisizo na matawi. Daktari mwingine wa mji huo, Nicolás Achúcarro, aliyefunzwa na Alzheimer mjini Munich, alichunguza seli za kijiti katika ubongo wa sungura wenye kichaa cha mbwa, akatengeneza pia rangi ya tanini na fedha. Alifariki mwaka 1918 akiwa na miaka 37. Kazi yake iliendelezwa na mwanafunzi wake, Pío del Río Hortega.

Río Hortega alizaliwa mwaka 1882 katika mji mdogo wa Portillo, mkoani Valladolid. Mwaka 1918 alibuni mbinu ya kaboneti ya fedha. Vipande vya ubongo vilihifadhiwa katika formalini yenye bromidi ya amoniamu, kisha vikatiwa mchanganyiko wa nitrati ya fedha na kaboneti ya sodiamu ulioyeyushwa kwa amonia. Seli ambazo Cajal alizidhania kuwa hazina matawi zilijitokeza chini ya hadubini zikiwa na matawi membamba yaliyojaa vimiba. Mwaka 1919 alichapisha mfululizo wa makala nne katika jarida la Chama cha Biolojia cha Hispania, akaonesha kwamba elementi ya tatu ni mkusanyiko wa aina mbili: maikroglia, na seli nyingine alizoziita baadaye oligodendroglia, ambazo leo zinajulikana kuwa ndizo zinazotengeneza mailini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva.

Maelezo yake kuhusu maikroglia bado yanashangaza kwa usahihi wake. Alisema kwamba seli hizi hazitokani na chimbuko moja na neva, bali huingia ubongoni kutoka nje wakati wa ukuaji wa kiinitete. Katika ubongo wenye afya kila seli hushika eneo lake. Ubongo ukijeruhiwa, seli huvuta matawi yake, huvimba, husogea kuelekea penye jeraha, huzaliana na kula mabaki. Seli za kijiti za Nissl zilikuwa maikroglia katika mojawapo ya hali hizo.

Cajal hakuyakubali yote. Alimpa Robertson sifa ya kutangulia, na kwa muda alikataa kuitambua oligodendroglia. Uhusiano wake na Río Hortega uliharibika, na mwaka 1920 Río Hortega aliondolewa katika maabara ya mkuu huyo, akapewa maabara nyingine katika Residencia de Estudiantes, makazi ya wanafunzi mjini Madrid. Huko ndiko alikofika mpasuaji Wilder Penfield mwaka 1924 kujifunza kupaka rangi za fedha. Penfield alizitumia kuchunguza makovu ya ubongo yanayosababisha kifafa, na katika kitabu kikubwa alichokihariri mwaka 1932 alimpa Río Hortega sura ya maikroglia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipozuka mwaka 1936, Río Hortega alihama: kwanza Paris, kisha Oxford, hatimaye Buenos Aires, ambako alifariki mwaka 1945.

Baada yake utafiti ulipoa. Rangi za fedha zilikuwa ngumu, na baadhi ya wataalamu walitilia shaka hata kuwapo kwa maikroglia kama aina ya pekee ya seli. Aidha, majaribio ya Peter Medawar ya mwaka 1948 yalionesha kwamba ngozi ya mnyama mwingine ikipandikizwa ubongoni inaweza kudumu bila kukataliwa, jambo lililojenga imani kwamba ubongo uko kando ya mfumo wa kinga.

Hadubini ya elektroni ilifufua mjadala. Mwaka 1968, mjini Munich, Klaus Blinzinger na Georg Kreutzberg walikata neva ya uso ya panya, wakaona maikroglia zikijipenyeza kati ya seli za neva zilizoathirika na sinapsi zake, yaani maungio yanayopitisha ishara kati ya seli za neva, na kuzibandua sinapsi hizo. Mwaka 1986 Dana Giulian na Timothy Baker walieleza namna ya kuzitenga maikroglia za panya wachanga na kuzikuza katika vyombo vya maabara. Hapo iliwezekana kupima kemikali zinazotolewa na seli hizo zikichokozwa, kama vile interlukini-1. Karibu na mwisho wa muongo huo Patrick na Edith McGeer, wakifanya kazi Vancouver, walikuta maikroglia zenye alama za kinga katika ubongo wa waliokufa na maradhi ya Alzheimer na Parkinson.

Mwaka 2005 timu mbili zilizitazama maikroglia zikiwa hai. Zilitumia panya waliobadilishwa jeni ili maikroglia zao zing'ae kijani, na hadubini ya leza inayopenya fuvu lililokwanguliwa likawa jembamba. Seli zilizokuwa zikiitwa tulivu zilionekana zikinyoosha na kurudisha matawi bila kukoma, na ndani ya dakika chache zilielekeza matawi penye jeraha dogo la leza. Mwaka 2010 Florent Ginhoux na wenzake walithibitisha kwamba seli hizo hutoka katika kifuko cha kiini cha yai mapema sana katika uhai wa kiinitete. Maelezo ya Río Hortega kuhusu asili yake yalipata uthibitisho baada ya miaka 91.

Jenetiki nayo iliongeza uzito. Mwaka 2013 tafiti mbili zilionesha kwamba mabadiliko adimu ya jeni ya TREM2, ambayo ubongoni hutumika hasa katika maikroglia, huongeza hatari ya Alzheimer mara kadhaa. Kwa hiyo maikroglia hazikuwa wasafishaji wanaofika baada ya madhara kutokea tu. Hitilafu yake yenyewe inaweza kuwa sehemu ya chanzo.

Matibabu yamefuata kwa hatua zisizolingana. Katika ugonjwa wa sklerosisi nyingi, ambamo seli za kinga kutoka kwenye damu hushambulia mailini, dawa ya natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huzuia seli hizo kuvuka kuta za mishipa ya ubongo na hupunguza mashambulizi. Kwa upande wa Alzheimer, majaribio makubwa ya dawa za kawaida za kupunguza inflamesheni, kama naproksen, hayakuzuia ugonjwa. Maikroglia ileile hula protini zilizorundikana, hutunza sinapsi, na katika hali nyingine huziharibu. Kuizima yote ni kupoteza pia kazi zake njema. Kwa sababu hiyo maabara za sasa husoma jeni zinazotumika katika kila seli moja moja, ili kutofautisha hali za maikroglia na kutafuta dawa inayogusa ile yenye madhara peke yake.