Jiwe la Shinkolobwe na Siri ya Atomu

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba kila atomu ina kiini, na kwamba viini vya baadhi ya elementi havitulii: huvunjika vyenyewe na kutoa mnururisho. Hufundishwa pia majina: Becquerel, aliyegundua jambo hilo mwaka 1896, Marie na Pierre Curie, waliogundua radiamu mwaka 1898, Rutherford, aliyetambua kiini mwaka 1911. Ni mara chache aambiwapo kwamba historia hiyo ilipitia Katanga.

Mwaka 1915 mawe yenye urani yaligunduliwa Shinkolobwe. Tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kiliyatoa radiamu ya kutibu saratani. Urani yenyewe, yenye protoni 92 katika kiini chake, ilihesabiwa kuwa karibu na makapi. Mwaka 1938 majaribio ya Berlin yalionyesha kwamba kiini hicho kikipigwa na nyutroni hupasuka. Makapi yakageuka silaha. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe.

Waliochimba na kuchambua mawe hayo kwa mikono walikuwa Waafrika. Mnururisho hauonekani wala haunuki, nao hauchagui mwili wa kuudhuru. Marie Curie, aliyefariki mwaka 1934 kwa maradhi ya damu, anakumbukwa kwa haki. Wachimbaji hawatajwi vitabuni. Basi mwalimu aandikapo "urani" ubaoni, na aongeze neno moja: Shinkolobwe.