Unakoroma Hadi Jirani Anagonga Ukuta? Jua Kifaa Chako Kabla Utoe Doh

Kwa ploti zenye keja zimebanana, hakuna siri ya nani hukoroma. Wewe unadoz fiti, mwenzako anakesha akiangalia mabati, na jirani ashagonga ukuta mara mbili. Asubuhi ukiulizwa unakataa: "Mimi? Zii, mimi sikoromi." Kila mkoromaji husema hivyo, ju ni yeye pekee hakuwa macho.

Sai ukiingia mitandaoni utapata vifaa kibao vikiuzwa na ahadi tamu: weka hiki, lala kama mtoto. Vingine vinafanya kazi kweli. Vingine ni kutupa ganji. Na kuna mkoromo ambao hufai kuunyamazisha tu, ju ni alamu ya kitu kibaya zaidi. Hapa tumekupangia yote: kila kifaa kinafanya nini, kinasaidia nani, na nani akae mbali nacho.

Kelele yenyewe hutoka wapi?

Ukilala, misuli ya mwili hulegea, na ya koo pia. Kaakaa laini, yaani ile sehemu ya juu huko nyuma ya mdomo, pamoja na kilimi kinachoning'inia hapo na sehemu ya nyuma ya ulimi, zote zinashuka na kubana njia ya hewa. Hewa ikilazimika kupita kwa kanjia kadogo inapita kwa nguvu, na hizo nyama zinaanza kutikisika kama turubai ya lori ambayo haikufungwa poa. Hiyo ndiyo sauti mwenzako anaskia.

Kuna vitu vinaongeza moto: pua iliyoziba, mafuta shingoni, pombe, sigara, dawa za usingizi, ujauzito, na kulala chali. Ukilala chali, uzito wa ulimi wenyewe unauvuta nyuma.

Ndio maana hakuna kifaa kimoja cha watu wote. Kama shida iko puani, tibu pua. Kama ni ulimi unaoziba koo, plasta ya pua itakuwa urembo tu.

Fanya upelelezi kwanza

Usinunue kitu kabla ya hii. Weka simu kando ya kitanda na ujirekodi usiku kama tatu hivi. Kama unalala na mtu, muombe akuangalie. Mnatafuta majibu ya haya maswali:

- Unakoroma ukiwa chali pekee, au hata ukilala upande?
- Mdomo uko wazi au umefungwa?
- Pua huwa imeziba, hasa msimu wa baridi ama vumbi?
- Ni kila siku, au ni zile usiku umetoka kupiga keg?
- Kuna mahali kelele inakatika kabisa, kunyamaza kama sekunde kumi au zaidi, halafu unashtuka kama mtu amekabwa?

Hilo swali la mwisho ndilo kubwa. Hicho kimya si mapumziko. Inawezekana hewa imekatika kabisa.

Ukiskia kimya, wacha kushopi, enda hosi

Hiyo hali inaitwa apnea ya usingizi. Koo inajifunga, hewa haipiti, oksijeni inashuka kwa damu, ubongo unashtuka na kukuamsha kidogo ndio upumue. Hukumbuki asubuhi, lakini inaweza kujirudia usiku kucha. Madaktari huhesabu mara ngapi kwa saa hewa inakatika au kupungua sana: 5 hadi 15 ni ndogo, 15 hadi 30 ni ya wastani, na zaidi ya 30 ni kali. Fikiria mtu anakabwa mara 30 kila saa, halafu asubuhi anakalia usukani wa matatu ya Nairobi kwenda Kisumu. Anasinzia, na si uvivu. Apnea inaenda pamoja na presha, shida za moyo na kiharusi, na inaongeza hatari ya ajali barabarani.

Haibagui mastaa pia. Shaquille O'Neal, yule jitu la NBA, alipatikana nayo, na mwaka wa 2011 akatokea kwa video ya Harvard akifanyiwa vipimo. Ikulu ya Marekani ilithibitisha mwaka wa 2023 kuwa Joe Biden hutumia mashine ya kupumua usiku kwa sababu hiyo hiyo. Na Carrie Fisher, Princess Leia wa Star Wars, alipoaga Desemba 2016, ripoti ya uchunguzi wa kifo chake huko Los Angeles ilitaja apnea ya usingizi kati ya sababu.

Kuna maswali nane madaktari hutumia kupima hatari. Jipe alama moja kwa kila "ndio":

1. Unakoroma kwa nguvu hadi unaskika mlango ukiwa umefungwa?
2. Mchana unachoka au kusinzia ovyo?
3. Kuna mtu amekuona ukiacha kupumua usingizini?
4. Uko na presha, au unatumia dawa zake?
5. Una uzito mkubwa sana kulingana na urefu? Kwa msee wa mita 1.70, ni kutoka kama kilo 101 kwenda juu.
6. Umepita miaka 50?
7. Shingo yako inazidi sentimita 40?
8. Wewe ni mwanaume?

Ukipata 3 au 4, uko kwa hatari ya kati. Kuanzia 5, hatari ni kubwa. Hapo muone daktari, ikiwezekana wa pua, masikio na koo, na umuulize kuhusu kipimo cha usingizi. Kunyamazisha kelele na kifaa cha bei rahisi wakati hewa bado inakatika ni kama kung'oa waya wa taa ya oili kwa gari. Dashibodi iko safi, injini inakufa.

Na kama ni mtoi anakoroma kila usiku, usimnunulie kifaa chochote. Kwa watoto mara nyingi ni tonsi au adenoidi zimevimba, na hiyo ni kazi ya daktari.

Vifaa vyenyewe, kimoja baada ya kingine

Plasta ya pua. Hii ni ile kitu wachezaji huvaa juu ya pua. Ndani iko na vipande vyepesi vinavyotaka kunyooka, kwa hivyo vinavuta kuta za pua kwenda nje na njia inapanuka. Breathe Right ndiyo ilifanya ijulikane, ilipoanza kuuzwa Marekani miaka ya 1990 na wachezaji wa NFL wakaivaa uwanjani. Hata farasi ameshaivaa: California Chrome, aliyeshinda Kentucky Derby mwaka wa 2014, alikimbia na plasta ya pua. Inamfaa nani? Msee mwenye pua imebana, labda ana mafua au aleji. Inabandikwa usiku mmoja na kutupwa. Kama ngozi yako huwashwa na plasta, acha. Haitibu apnea.

Vipanuzi vya ndani ya pua. Hivi ni vidude vidogo vya silikoni au plastiki laini vinaingia ndani ya matundu ya pua na kuyashika yasijifunge. Kazi ni ile ile ya plasta, lakini unaosha na kutumia tena. Watu wengine wanaona vinakera usiku wa kwanza. Osha kila siku, na usishare na mtu, hata kama ni beste.

Vifaa vya kukulaza upande. Kama unakoroma ukiwa chali pekee, hapa ndio kwako. Njia ya kienyeji ni kushona mfuko nyuma ya tishati, katikati ya mgongo, na kuweka mpira wa tenisi. Ukigeuka chali, unakudunga, unarudi upande. Unafanya kazi, shida ni watu wengi huchoka nao baada ya wiki kadhaa. Kuna za kisasa: mikanda na vidude vya kuvaa shingoni au kifuani vinavyotetemeka ukilala chali, polepole bila kukuamsha kabisa. Kabla ununue hizo, jaribu mpira wa tenisi au mto mrefu nyuma ya mgongo wiki mbili. Kelele ikipungua, umejua shida yako bila kutoa doh mob.

Gadi ya kuvuta taya. Inafanana na ile ya mabondia, lakini kazi yake ni kushika taya la chini na kulisongesha mbele kidogo. Taya likienda mbele, ulimi unafuata, na koo linafunguka. Kati ya vifaa vyote vya mkoromo wa kawaida, hii ndiyo iko na ushahidi mzuri zaidi: mwaka wa 2015 vyama viwili vya kitaalamu Marekani, cha madaktari wa usingizi na cha madaktari wa meno wa usingizi, vilipendekeza vifaa vya mdomoni vya aina hii kwa watu wazima wanaotaka kutibu mkoromo wao. Inasaidia pia apnea ndogo na ya wastani, na wale wameshindwa na mashine.

Ziko mbili. Ya kwanza unachovya kwa maji moto, unauma, inachukua umbo la meno yako. Ni ya bei nafuu lakini si sahihi sana. Ya pili inatengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo chako, na anaweza kuirekebisha milimita kwa milimita. Hiyo inauma mfuko, lakini inakaa. Tarajia mate mengi na taya kuuma asubuhi siku za kwanza. Ukitumia kwa miaka, meno yanaweza kusonga kidogo, ndio maana daktari wa meno anafaa kukuangalia mara kwa mara. Kama uko na meno ya bandia, meno yanayotingika, ufizi mgonjwa au taya linalolia na kuuma, usijiwekee mwenyewe.

Kishika ulimi. Ni kibofu kidogo cha silikoni kinachokaa nje ya midomo. Unakibonyeza, unaingiza ncha ya ulimi, kinaunyonya na kuushika mbele. Kinaweza kumfaa mtu asiye na meno ya kutosha kushika gadi. Ubaya: mate, ulimi kuuma, na sura yako itakuwa ya katuni. Kama pua yako imeziba, hakikufai.

Kifaa cha kufanyisha ulimi zoezi. Hiki hutumii usiku. Kinaitwa eXciteOSA, na FDA ya Marekani ilikiruhusu Februari 2021 kwa mkoromo na apnea ndogo. Unakiweka mdomoni mchana dakika 20 kila siku kwa wiki sita, kinatuma umeme mdogo kwa ulimi ndio misuli ipate nguvu, halafu unapunguza hadi mara moja kwa wiki. Si cha watu wenye pesmeka ya moyo wala mama mjamzito.

Wazo la zoezi si mzaha. Watafiti wa Uswisi walichukua watu 25 wenye apnea ya wastani na mkoromo, wengine wakafunzwa kupuliza didgeridoo, ile tarumbeta ndefu ya wenyeji asili wa Australia. Baada ya miezi minne, hao wapulizaji walikuwa wamepunguza kusinzia mchana na wenzao wa kitandani walisumbuka kidogo. Utafiti ukachapishwa kwa jarida la BMJ, na mwaka wa 2017 ukapewa tuzo ya vichekesho ya Ig Nobel, ya amani. Amani ya kitanda, bila shaka.

CPAP. Hii si kifaa cha kujinunulia ju umeona tangazo. Ni mashine inayopuliza hewa kwa shinikizo kupitia barakoa, na hiyo hewa inashikilia koo wazi usiku mzima. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney ndio waliitambulisha mwaka wa 1981, na mpaka leo ndiyo tiba kuu ya apnea ya wastani na kali. Wengi hupata shida kuzoea barakoa, kwa hivyo saizi ni muhimu kuliko brandi. Stima ikipotea, inazima, kwa hivyo uliza kuhusu betri.

Onyo kwa wapenda mtumba: Juni 2021 kampuni ya Philips iliita irudishwe mamilioni ya mashine zake ju sponji ya ndani inaweza kumomonyoka na mtumiaji akavuta chembe zake. Ukiuziwa CPAP ya mkono wa pili, cheki modeli na namba yake kwanza.

Hizi, shika pesa yako

Pete za sumaku za puani, pete za kidoleni za "akupresha" na bangili za kukushtua ukikoroma: ahadi ni kubwa, ushahidi haupo wa maana. Mkanda wa kidevu unafunga mdomo, lakini peke yake haujaonyesha kusaidia sana. Na ile maneno ya TikTok ya kufunga mdomo na tepu, kaa mbali kama pua yako huziba au unashuku apnea. Unafunga mlango wa pekee uliobaki.

Kama mfuko ni mwepesi, anza hivi

Wiki mbili za kwanza, lala upande, na usiguse pombe saa tatu au nne kabla ya kulala. Pua ikiwa imeziba, ioshe na maji ya chumvi, ila maji yawe yamechemshwa na kupoa. Kama uzito umepanda, kupunguza hata kiasi kunaweza kusaidia. Punguza sigara, ukiweza wacha kabisa.

Kisha jirekodi tena. Kama kelele imebaki na ni ya pua, jaribu plasta. Kama pua iko sawa, tembelea daktari wa meno uulize kuhusu gadi ya taya.

Na leo usiku, kabla ya hayo yote, muulize huyo mnalala naye swali moja: "Huwa nanyamaza katikati, halafu nashtuka?" Akisema ndio, kesho panga siku ya daktari. Vifaa vitangoja.