Ramani ya Hati na Sherehe Yake

Katika elimu ya tarakilishi limeenea neno skima, ambalo asili yake ni Kiyunani na maana yake ni umbo au sura ya kitu. Nasi, kwa kutosheka na kulitamka, tumechelewa kujiuliza ni kitu gani hasa linachokitaja.

XML ni lugha ya kuandikia hati kwa kuzungushia kila fungu la maneno alama itajayo aina yake, nayo ilipitishwa mwezi wa Februari 1998 na W3C, jumuiya isimamiayo kanuni za wavuti. Lugha hiyo haikuamua alama zenyewe ziwe zipi; kila kaumu hujitungia zake, na mahali pa kuzitangaza, pamoja na tartibu ya ipi itangulie, ipi ifuate, ipi ni faradhi na ipi ni hiari, ndiyo skima, ambayo kanuni yake ilitolewa Mei 2001.

Wako wasemao mchoro. Lakini mchoro haumfungi mtu. Wako wasemao muundo. Lakini muundo ni wa kitu kilichokwisha kuwapo. Kwa rai yangu neno lifaalo ni ramani, kwa maana ile ile aikusudiayo mwashi adaipo ramani ya nyumba kabla ya kuchimba msingi: karatasi isemayo vyumba ni vingapi na mlango u wapi, ambayo baadaye mkaguzi huishika mkononi akiulinganisha nayo ukuta uliosimama, na akiona hitilafu akakataa kuupitisha. Ndivyo programu ya kuhakiki iitendeavyo hati.

Tutazame ramani moja iliyotungwa chini ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, iitwayo Akoma Ntoso, jina la Waakani lenye maana ya mioyo iliyounganika, ambayo mwaka 2018 ilithibitishwa na shirika la OASIS kuwa kanuni ya kimataifa ya hati za sheria. Ukiifungua katika kivinjari kama ilivyo, utakuta mistari isiyo na kituo: alama imetajwa hapa, tafsili yake iko mbali huko chini, na msomaji hupanda na kushuka hata akasahau alilokuwa akilitafuta.

Dawa yake imo katika maumbile yake. Kwa kuwa ramani hiyo nayo imeandikwa kwa XML, yaweza kugeuzwa kwa XSLT, lugha ya kugeuzia hati iliyotoka mwaka 1999, ikawa ukurasa wenye majina yaliyopangwa kwa abjadi, na chini ya kila jina maana yake, alama linazozibeba na alama zinazolibeba, kila moja ikiwa kiungo. Bonyeza "debate", yaani mjadala, ushuke hatua kwa hatua hadi "speech", hotuba ya mjumbe mmoja. Hapo utaiona "from", penye jina la msemaji kama lilivyochapwa, na kwa kiungo kingine utarejea ulikotoka pasipo kupotea.

Lakini mgeuzo hupanga tu, hauumbi maana. Maana hutoka katika alama iitwayo "documentation", ambamo mtungaji hueleza kwa lugha ya watu kila jina alilolitumia. Na hiyo, kwa Kiswahili, ni sherehe, neno ambalo wasomaji wa diwani walilizoea mwishoni mwa kitabu, pale mashairi yafafanuliwapo maneno yake magumu. Mtungaji akinyamaza, ukurasa utapendeza kwa viungo vyake, wala msomaji hatafahamu kitu.

Tena kanuni ya skima imeruhusu sherehe zaidi ya moja kwa jina moja, kila moja ikitanguliwa na alama ya lugha yake, na alama ya Kiswahili ni "sw". Basi nawasihi mafundi wetu watungao ramani za hati za mahakama, za hospitali na za shule: msiweke jina lolote pasipo sherehe, na sherehe ya Kiswahili isikose.